Ubao Mama

Baba anapiga simu kutoka Kutaisi
nami huku Thesaloniki nakoroga supu ya Bi Evanthia,
simu nimeibana kwa bega.
"Eteri, mashine imegoma."
Imegoma vipi?
"Imegoma. Kama lori linavyogoma."

Miaka thelathini na mmoja alifunga injini kiwandani;
kwake kila kitu kina mlio, na mlio ni ushahidi.
Ameigonga ubavuni. Ameitegea sikio.
Ameichomoa plagi, akaipuliza, akairudisha.
Bachana wa jirani kaja, kabofyabofya, kala jozi, kaondoka,
kasema ni virusi.
Siku hizi kila kisichojulikana ni virusi.

Taa za modemu?
"Kijani, zote nne."
Feni inazunguka?
"Inakohoa, lakini inazunguka."
Barua pepe?
"Haifunguki. Benki haifunguki. Hali ya hewa haifunguki.
Kila mlango nikibisha naambiwa cheti hakiaminiki.
Nimewakosea nini?"

Nikamwambia: tazama pembeni, baba,
chini kabisa, kulia kwako, panapoandikwa saa.
Akanyamaza. Nikasikia droo ikifunguliwa,
miwani ikitafutwa, droo ikifungwa.
"Tarehe mosi Januari," akasema.
"Elfu mbili na tisa."

Tangu lini?
"Tangu umeme ulipokatika Jumapili.
Jioni nairekebisha. Asubuhi nikiiwasha
imerudi kulekule."

Ni betri, nikasema. Ndogo, bapa, kama kifungo cha koti.
Ndiyo inayoihesabia mashine siku ukiwa umeizima.
Ikifa, mashine huamka haijui imelala kwa muda gani,
ikashika tarehe ya kwanza iliyofundishwa.
"Iko wapi?"
Fungua ubavu. Iko kwenye ubao mama.

Kimya.
"Nani aliuita hivyo?"
Sijui, baba. Ndivyo unavyoitwa.

Elfu mbili na tisa sikuwa nimepanda basi la kuja huku.
Mama Lamara alikuwa akiificha bisibisi ndani ya kopo la unga
ili baba asije akaifungua na redio mpya.
Sikulisema hilo. Naye hakulisema.
Bi Evanthia aliita kutoka chumbani; supu ilikuwa imeshika chini.

Kesho yake baba alivuka daraja juu ya theluji iliyoganda
hadi kwa Shaliko, fundi saa, mwenye kibanda kipana kama kabati.
Lari mbili na nusu. Akabishana. Akalipa mbili.
Usiku akanipigia kwa video, simu kaiegemeza kwenye chupa ya achari.
Niliona vidole vyake, na kucha zenye ule weusi usiotoka tena.
Niliona vumbi limeshikana kama sufi
na ndani yake kipande cha uzi, kijani:
mama alifumia sweta hapohapo, miguu ikiota joto la mashine.
Hakuutupa. Aliuweka kwenye kisosi, kando ya skrubu,
kama kipuri ambacho bado hajajua kinarudi wapi.

Maandishi yaangalie juu, baba.
"Najua."
Alikuwa ameipindua.
"Nilikuwa naijaribu."

Ikatoa mlio mmoja, mfupi, safi.
Akaniangalia kana kwamba ni yeye aliyelia.
Sasa weka tarehe.
Mwaka akauweka. Mwezi. Siku.
Halafu kidole kikasita juu ya kibodi.

"Saa ya kwako," akauliza, "au ya kwangu?"

Kwake ilikuwa saa nne kasoro, kwangu mbili kasoro,
na Bi Evanthia hakuwa amemeza dawa.
Ya kwako, nikasema.
Akaiweka. Akaniomba nisikate simu kwanza:
ataizima, atachomoa waya, atahesabu hadi sitini,
ataiwasha tena,
tuone kama inakumbuka.